Mluzi wa Tatu

Nyumbani kwangu mawese hayaingii. Mume wangu ni mtu wa Kigoma, ameyala tangu hajaota meno, lakini katika hili alishasalimu amri siku nyingi. Akiyatamani huenda kula kwa dada yake, na akirudi hunawa mikono hadi kwenye viwiko kabla hajanisogelea. Jirani yangu hapa Sumbawanga mjini akiyabandika jikoni, mimi hufunga madirisha hata kama ni saa sita mchana na jua linawaka. Najua wanasema naringa. Waseme. Harufu ya mawese yanayoungua hunirudisha kwenye ua wa wazazi wangu, kwenye msimu mmoja nilipokuwa na miaka tisa, na kila nikirudi huko nakuta damu.

Tulikaa kijiji kimoja nyuma ya Mwazye, mwendo wa saa mbili kwa miguu, juu kabisa ambako nchi imelala wazi, mahindi na ulezi na nyasi hadi macho yachoke, na miti ya kuhesabika ni mikaratusi iliyopandwa na watu. Maji makubwa huko hakuna. Kuna vijito ambavyo hata mtoto anaruka. Ziwa Tanganyika liko mbali chini, upite Matai, ushuke milima hadi Kasanga, na wengi wa majirani zetu walikuwa wamezeeka bila kulitia machoni. Mahali kama hapo ndipo baba yangu alipoamua kuunda mashua.

Baba, ambaye jina lake ni Kletusi, aliondoka kijijini akiwa na miaka kumi na sita, akashuka Kasanga na gunia la maharage kichwani, akauza maharage na kupanda chombo cha kwanza kilichokubali kumchukua. Alizunguka ziwa lote. Alikaa Mpulungu, akakaa Kalemie, Bujumbura na Kigoma, na kote huko alijifunza kazi ya mikono, kwa sababu kwenye vyombo vya matanga mtu asiyejua kutengeneza kitu ni mzigo. Babu alipofariki, baba alirudi kushika shamba, maana alikuwa mtoto wa kiume peke yake, akamwoa mama. Alirudi na tezo, randa, patasi za kila ukubwa, na tabia ya kulala mlango ukiwa wazi. Kila kilichoharibika kijijini kililetwa kwake. Redio, cherehani, baiskeli, mpini wa jembe, jino la mtoto lililokataa kung'oka. Milango ya nyumba nyingi pale ni kazi yake. Jioni alitupakata mimi na mdogo wangu na kutusimulia bandari kwa bandari. Mama aliyekuwa akimenya maharage pembeni aliguna palipokuwa na uongo, na baba akapunguza uongo kidogo akaendelea.

Lakini shamba lilimbana. Alilima vizuri, matuta yake ya duara yaliyofukiwa majani yalikuwa yamenyooka kwa mstari, ila ungemwona katikati ya palizi amesimama, uso ameuelekeza upande unakotoka upepo. Mama ndiye aliyemruhusu. Alimwambia, "Unda hicho chombo, Baba Yustina, ukimaliza tutashuka wote. Nimechoka kulala na mtu ambaye hayupo." Yustina ni mimi. Mbao za mninga zilitoka kwenye misitu ya mteremkoni, zikaja kwa mkokoteni wa ng'ombe, na kwa miezi minane ua wetu ulijaa maranda. Mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, ulilala mbele ya mlango, tukawa tunauruka kwenda chooni. Kisha zikaja mbavu, kisha mbao za ubavuni, na mwisho kazi niliyoipenda kuliko zote, kuziba nyufa. Baba alichovya pamba kwenye mawese ya moto na kuishindilia katikati ya mbao kwa patasi butu, na mimi nilikuwa nikimsokotea pamba hiyo. Mikono yangu ilinuka mawese hadi shuleni. Tanga alilishona mama kwa cherehani, merikani nyeupe, kipande juu ya kipande. Ubavuni, kwa rangi nyeusi, baba aliandika YUSTINA, nami nikawa sishikiki kwa maringo.

Msimu huo mvua ilichelewa. Kwetu mwezi wa kumi na moja ukiisha bila mvua watu huanza kuongea kwa sauti ya chini. Mwezi wa kumi na mbili uliingia, mawingu yakawa yanajikusanya asubuhi, mazito, meusi, halafu mchana upepo unayasomba yote na kuyapeleka kusikojulikana. Waliokwisha kupanda waliona mahindi yakichipua vidole viwili na kukauka. Jirani yetu Oswadi alipanda mara mbili, na mara mbili alipoteza. Oswadi alikuwa baba yangu wa ubatizo. Alinishika mbele ya padri, akajibu kwa niaba yangu kwamba ninamkataa shetani. Binti yake mkubwa alipofariki, baba ndiye aliyemchongea jeneza, akalala nalo macho usiku mzima kwa sababu alitaka pembe zikutane bila mwanya. Nayasema haya ili ijulikane kwamba sikuwa nikimwogopa mtu huyu. Nilikuwa nikikimbilia kwake nikikosana na mama.

Sasa baba naye alikuwa na shida yake, na shida hiyo ilikwenda kinyume na ya kijiji kizima. Mfanyabiashara mmoja wa Sumbawanga mjini alikuwa amemwahidi lori la kuishusha mashua hadi Kasanga, lakini lori lingekuja baada ya Krismasi, na mvua ikishanyesha ile barabara haipitiki. Baba, kwa mdomo wake uliozoea mizaha ya mabaharia, alisema nje ya kanisa letu la kigango siku ya Jumapili, "Mvua ingetungoja kidogo tu, mashua ishuke." Alicheka peke yake. Na kila alipotaka kulijaribu tanga, alilipandisha pale uani, mchana, upepo ukiwepo. Watu waliokuwa mashambani waliinua macho kutoka kwenye mahindi yaliyokufa wakaona kitambaa cheupe kirefu kuliko nyumba kimejaa upepo, na juu yake mawingu yakikimbia.

Hata hivyo, huenda yangeishia kwenye minong'ono. Aliyeyamwaga ni mimi. Baba alikuwa amenifundisha mluzi wa ziwani. Upepo ukifa katikati ya maji, alisema, baharia hukaa kimya, hulowesha midomo, hupiga mluzi mmoja mrefu, wa taratibu, kisha husubiri. Mmoja tu. Ukirudia rudia unaita dhoruba. Sijui kama mwenyewe aliamini, nadhani aliamini akiwa majini na kuacha kuamini akiwa nchi kavu. Mimi niliamini kila mahali. Nilifanya mazoezi kwenye kijito hadi midomo ikavimba, na siku moja tukichota maji nikamwambia Fides, binti mwingine wa Oswadi, niliyesoma naye darasa moja, "Baba yangu anaita upepo. Na mimi ameshanifundisha." Akabisha. Nikapiga. Upepo wa mchana, ambao huja kila siku bila kuitwa na mtu, ukaja. Fides aliweka ndoo chini akanitazama kwa macho ambayo mtoto wa darasa la tatu huyapenda sana. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa furaha.

Jumapili iliyofuata walikuja baada ya ibada. Walikuwa wamepitia kwenye kimpumu, ile pombe ya ulezi, lakini nisiwatafutie udhuru, hawakuwa walevi. Walikuwa wanaume kama thelathini na wanawake wachache, wamevaa nguo za kanisani, na baadhi walishika mapanga na mipini ya majembe. Viongozi wa kijiji walikuwemo. Oswadi alisimama mbele, shati lake jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni. Baba alikuwa amekaa juu ya mashua akipiga msasa ukingo wake, tanga limening'inia mlingotini. Aliwasalimu, wachache wakaitika.

"Kletusi," Oswadi alisema, "tumekuja kwa upole. Fungua mvua ya watu."

"Baba Fides, mimi nimefunga mvua kwa kitu gani?"

"Kwa hilo litambaa lako na mluzi. Mwanao mwenyewe amesema."

Baba alinitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mama nyuma yangu akitwanga mahindi. Sikuona hasira usoni kwake, aliona haya kidogo tu, kama mtu aliyekutwa akizungumza peke yake. Kisha akaangalia juu, akaangalia mikaratusi ya Oswadi ng'ambo ya njia. Hapakuwa na jani lililotikisika. Ilikuwa saa sita kamili, jua limesimama, na yeye aliyezijua saa za upepo kuliko wote pale alijua kwamba hautakuja kabla ya saa tisa. Akashuka kwenye mashua akafuta mikono kwenye suruali.

"Sawa," akasema. "Mtoto apige hapa, mbele yenu wote. Upepo usipokuja, mtaniacha nishushe chombo changu, na hili neno lisirudiwe tena."

"Na ukija?"

"Ukija, fanyeni mnavyotaka."

Wakakubali. Akaniita katikati ya ua. Alichuchumaa mbele yangu, akanishika mabega, mikono yake ikinuka mawese, akaniambia, "Piga, mwanangu. Usiogope." Hakuniambia zaidi ya hapo. Hakuniambia kwamba safari hii tunataka kushindwa, na angeniambiaje mbele ya watu wale? Aliamini nimeelewa. Mimi nilichokielewa ni kwamba watu wanambishia baba yangu, kama Fides alivyonibishia, na kwamba mimi ndiye wa kuwanyamazisha.

Nikapiga. Midomo ilikuwa mikavu, ikatoka pumzi na sauti kidogo. Tukasubiri. Inzi walitembea juu ya mbao. Mtoto mmoja mgongoni kwa mama yake alikohoa. Majani ya mikaratusi yaliendelea kulala. Mzee mmoja nyuma alisema, "Haya, twendeni," na nikaona mabega ya Oswadi yakishuka. Watu wawili watatu walikuwa wamekwisha kugeuka. Ilikuwa imekwisha. Baba yangu alikuwa ameokoka, mashua yetu ilikuwa imeokoka, na mimi niliona aibu imeniwaka masikioni kwa kudhani nimemwangusha. Nikalowesha midomo. Nikapiga tena, kwa haraka. Nilimwona baba ananyoosha mkono kunizuia, na nikadhani ananihimiza. Nikajaza kifua hewa, nikapiga mara ya tatu, mluzi mrefu, wa taratibu, mzuri kuliko wote niliowahi kupiga maishani.

Kwenye shamba la Oswadi, lile lililokufa mara mbili, vumbi likainuka. Kila aliyekulia Ufipa amewahi kuona kisulisuli cha saa sita, ardhi ikiwa imeungua na hewa imesimama, vumbi hujisokota ghafla na kutembea. Wote waliokuwepo walikuwa wamekiona mamia ya mara. Kilivuka njia, kikaokota majani makavu, kikaingia uani kwetu, kikalijaza tanga lililokuwa limelegea mlingotini hadi likatoa mlio. Kisha kikapita zake. Nilikuwa natabasamu. Ndiyo, nilimgeukia baba nikiwa natabasamu, na hapo ndipo jiwe la kwanza lilipompiga juu ya sikio.

Mengi ya yaliyofuata niliyasikia nikiwa miguuni pa watu, kwa sababu nilikuwa chini. Walimwangusha na kumpiga kwa mipini, kisha wakachukua makasia aliyoyachonga mwenyewe wakampiga nayo hadi moja likavunjika. Sauti ya mpini juu ya mbavu za mtu si kubwa, ni sauti ya godoro likikung'utwa vumbi. Mama alitoka na mchi. Mama yangu ni mwembamba na hajawahi kugombana na mtu kijitoni, lakini alimpiga wa kwanza kwenye taya nikaona meno yakitoka pamoja na mate, akampiga wa pili begani, lakini wa tatu ndiye aliyemkamata mama nywele na kumbamiza usoni kwa goti. Yeye naye alipoteza meno mawili. Mimi nilimng'ata mtu paja nikang'ang'ania hadi ladha ya damu ikanijaa mdomoni. Sijui alikuwa nani. Kwa miaka mingi nilikuwa nawatazama wanaume wa kijiji wakitembea, nikitafuta anayechechemea.

Kisha Oswadi akasema waache, na wakaacha, ndiyo maana najua wangeweza kuacha mapema. Akaagiza baba aburutwe hadi kwenye meza yake ya kazi. Wawili wakamshika kifundo cha mkono wa kulia wakaulaza juu ya ubao. Oswadi akaokota nyundo ya baba, ile aliyotumia kwenye jeneza la binti yake, akavunja vidole kimoja kimoja, kuanzia kidole gumba. Hakuwa na hasira. Alifanya kwa uangalifu, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Baba hakulia kwa maneno. Kila nyundo iliposhuka alisema, "Baba Fides," basi, kama anayemkumbusha jina lake.

Mashua waliichoma mwisho. Walimwaga mafuta ya taa, lakini hata bila hayo ingewaka, maana ilikuwa imeshiba mawese. Moshi ulikuwa mweusi na mnene, ukatanda kijiji kizima kwa sababu upepo haukuwepo wa kuuondoa. Rangi ya jina langu ilitoa malengelenge, herufi ya kwanza ikaenda, kisha ya pili. Tanga liliruka mara moja kwa joto la moto, likawa majivu. Tulilala chini uani, sisi wanne, mama akiwa amemfunika mdogo wangu kwa mwili wake, na watu wakapita juu yetu kwenda kwao kula chakula cha mchana.

Mvua ilinyesha kesho yake. Ilinyesha siku tatu mfululizo, mvua nzuri, ya kulima, na nyumba kwa nyumba waliimba. Wewe fikiria tulivyoisikia. Mkono wa baba ulikuwa umevimba umekuwa mweusi, na barabara ya Matai ilikuwa haipitiki, kama alivyosema yeye mwenyewe kwamba mvua ikinyesha haitapitika. Mama alimfunga vidole kwa vipande vya mbao na khanga. Tulipofika hospitali, mifupa ilikuwa imeanza kushikana ilivyotaka yenyewe. Waliotupiga hawakufanywa kitu. Kila aliyeulizwa alikuwa shambani siku ile, akipanda.

Baba hakuhama. Mama alitaka, mimi nilitaka, yeye akasema hapo ni kwa baba yake. Alijifunza kushika randa kwa mkono wa kushoto, akarudi kutengeneza milango, ikiwa imepinda kidogo. Waliokuja kumwona na redio zao mbovu hawakumpa pole wala kumwomba msamaha, walisema tu imeharibika, na yeye akazipokea. Hilo sijawahi kulielewa na sitaki kulielewa. Bandari hakuzisimulia tena. Mlango alianza kuufunga.

Siku hizi kijijini wanatazama mvua kwenye simu. Mafundisho ya kigango husema uchawi hakuna, na walioshika mipini wamekuwa babu za watu. Oswadi yuko hai. Nikienda Pasaka tunakutana njiani, na kwa sababu nimelelewa hivyo, na kwa sababu alinishika kwenye ubatizo, nampa shikamoo. Anaitika, "Marahaba, mwanangu," na kuniuliza habari za mjini. Nimefundisha watoto wa watu miaka kumi na tano kwamba waadilifu husamehe. Mimi sijasamehe. Nikimjibu huwa natazama vidole vyake, vyote kumi vimenyooka.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, nilimchukua baba nikamshusha Kasanga. Vyombo vya tanga sasa ni vichache, injini zimevimaliza, lakini nilimpata mtu wa makamo mwenye mashua ndogo ya tanga iliyofungwa pia injini nyuma kwa dharura. Nilimlipa atutoe asubuhi nzima. Baba alikaa kwenye usukani akaushika kwa kiwiko cha mkono wa kulia, na nilipoona jinsi kiwiko kile kilivyojua la kufanya nilitazama pembeni. Tulikwenda vizuri hadi nchi kavu ikawa mstari, kisha upepo ukafa. Tanga likaning'inia. Maji yakawa bapa. Mwenye mashua akajilaza. Baba akakaa kimya, kisha akaanza kuitazama midomo yangu.

"Baba," nikasema, "siku ile nilipiga mara tatu."

"Nilikuwepo."

"Ulinifundisha mara moja, halafu mtu asubiri."

Alikuwa ameweka mkono mbovu majini, vidole vikielea kila kimoja upande wake. "Ya kwanza ilikuwa pumzi tu," akasema. "Ya pili ulikuwa na haraka. Ya tatu ndiyo uliipiga sawasawa, kama nilivyokuonyesha. Nilifurahi, Yustina. Kabla sijaliona lile vumbi, nilifurahi."

Nikalowesha midomo. Nikaikunja, nikajaza kifua, nikajaribu, na haikutoka hata pumzi. Tulisubiri hivyo kwa muda mrefu, baba akinitazama bila kunihimiza, hadi mwenye mashua akachoka, akainuka, akavuta kamba ya injini, na tukarudi Kasanga kwa petroli.